Ni Chupa Ipi Iliyopasuka

Siku ya nne baada ya kumzika mama, shemeji Salome aliingia uani kwetu Nyabiyonza na vumbi la lori mpaka kwenye nyusi, akapiga magoti mbele ya mama mkubwa aliyekuwa amekaa mkekani, akamsalimia kwa Kinyambo kilichonyooka kuliko changu. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi kwenye kivuli cha jiko waliinua vichwa, visu mikononi, maana walimkumbuka yule bibi harusi wa Tabora ambaye zamani alijibu kila neno kwa kutabasamu. Telegramu ilikuwa imewakuta yeye na kaka Deo kulekule Tabora siku moja tu kabla ya mazishi, na treni haina habari na msiba wa mtu. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nilisimama palepale kama kigingi cha mbuzi. Huzuni ya mama nilikuwa nayo tayari, ilinikalia kifuani tangu taarifa iliponikuta bwenini nimejifunga shuka kama padre, nawaungamisha vijana wa kidato cha kwanza dhambi ya kuiba makande. Hii iliyoniingia sasa ilikuwa hofu. Mwanamke huyu mimi nilikuwa mkalimani wake, miaka mitano iliyopita, na mkalimani aliyesema uongo hapendi kumsikia mtu wake akiongea mwenyewe.

Najua kwamba kijana wa miaka kumi na tisa kukaa chini akaandika kumbukumbu za maisha ni sawa na kifaranga kusimulia vita vya mwewe. Lakini mwaka ule nilipokuwa darasa la saba haujaniachia, na mtu niliyetaka kumwambia habari zake amekwisha kulala chini ya migomba, kwa hiyo nawaambia nyinyi. Kwa ufupi, mwaka ule kaka Deo, aliyekuwa utingo wa lori la kahawa, alileta nyumbani vitu viwili kwa safari moja: mke na chupa ya chai. Mke alishuka mbele kwa dereva, chupa ikashuka baada yake imefungwa kwenye kanga, na mama alivipokea vyote viwili kwa woga uleule. Chupa ilikuwa nyekundu, ina picha ya tausi ubavuni. Mama aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, akaiweka juu ya kabati sebuleni, akatangaza kwamba ni ya wageni. Padre alikuja mara moja akanyweshwa chai yake, na chai ilipomiminwa kikombeni bado inafuka moshi, ingawa ilichemshwa kabla ya misa, mama alitazama pembeni kwa aibu ya furaha kama mtu aliyesifiwa sauti kwenye kwaya. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Siku hizo hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni. Chupa ya chai nzima ilikuwa kitu cha kuwaonyesha watu kwa mbali.

Kwetu, mtu akikwambia chupa, alikuwa na maana ya chupa yenyewe, ya kioo. Kila nyumba ilikuwa nazo: ya mafuta ya taa yenye kizibo cha gunzi, ya samli, ya asali, ya dawa ya ng'ombe, na nyingine tatu nne tupu za akiba, kwa sababu ukienda zahanati na kikohozi kitu cha kwanza unachoulizwa ni chupa yako iko wapi. Usipokuwa nayo, kohoa urudi nayo. Kwa hiyo mama aliziosha kwa mchanga na majivu, akazipachika kwenye vijiti vya ua upande wa barabara, midomo chini, zikauke. Jua la asubuhi likizipiga, mtu akitokea sokoni aliona ua wetu unametameta akajua hapa pana mwanamke anayejua kutunza nyumba. Nasema haya ili ujue shemeji alitua kwenye nyumba ya namna gani.

Shemeji hakujua Kinyambo hata neno. Mama naye Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na cha gulioni: shikamoo, bei gani, asante, na Baba Yetu mwanzo hadi mwisho. Kaka alikaa wiki mbili akapanda lori lake akaondoka. Wakabaki wanawake wawili wanaotazamana kando ya chungu kimoja, na katikati yao mimi, mwenye lugha zote mbili na akili kidogo. Hebu fikiria umempa nyani funguo za ghala. Wiki ya kwanza nilimfundisha shemeji kwamba mgeni mwenye heshima tunamwambia "enkoko, waitu". Waitu ni neno la adabu kweli, hilo sikuligusa, lakini enkoko ni kuku. Katekista alipokuja kuwapa pole ya safari, shemeji akapiga goti akamwambia kuku, tafadhali, na mzee wa watu akageuka kutazama nyuma yake.

Halafu ikaja ile ya chupi. Shemeji aliniita pembeni, kwa sauti ya chini, akaniomba nimuulize mama ni wapi pa kuanika nguo zake za ndani, maana hakutaka kuziweka wazi penye watu. Alitumia neno lenyewe, chupi, halafu akatazama chini. Mimi nikaenda kwa mama nikamwambia mukamwana, yaani mkwe wake, anauliza chupa azianike wapi. Mama alifurahi sana. Alisema, mwambie azipachike kwenye vijiti vya ua, upande wa barabara, midomo chini, huko jua linapiga mapema na wapita njia watajua sasa tumepata mwanamwali. Nikatafsiri neno kwa neno, kwa uaminifu ambao sijawahi kuwa nao hata kanisani. Shemeji aliutazama ule ua. Akaitazama barabara. Akaingia chumbani na hakutoka mpaka jioni. Mama alipokuja kujua ukweli alinichapa na ufito wa mti wa kahawa, akacheka, akachapa tena, mwisho akakaa chini kabisa akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na shemeji aliyekuwa akichungulia mlangoni akacheka naye. Nadhani walipendana siku hiyo, mgongoni kwangu. Kuanzia hapo shemeji akanijua mimi ni nani. Akaanza kwenda kisimani na wasichana wa jirani, akawa anarudi na maneno mawili matatu kila siku, kimya kimya, hakunionyesha.

Mwezi wa nane hivi nikaivunja ile chupa ya chai. Kwa Kagaruki, rafiki yangu wa darasani, walikuwa wamekamua ndizi, na mimi nilikuwa nimejigamba shuleni kwamba tuna chombo ambacho mramba, ile juisi ya ndizi, ukiwekwa asubuhi unabaki wa baridi mpaka jioni. Nikasubiri mama aende shambani, nikaishusha, nikaenda kuijaza kwa Kagaruki, na nikiwa njiani kurudi nikajikwaa. Haikuanguka vibaya. Tausi hakupata hata mkwaruzo. Lakini nilipoitikisa, ndani kukaitika kama mtu anatikisa karanga kwenye kopo. Nikamwaga mramba uliochanganyika na vioo vyembamba kama magamba ya samaki, nikakung'uta, vingine vikagoma kutoka, nikaifunga, nikaifuta, nikairudisha juu ya kabati na kitambaa chake. Kwa nje ilikuwa nzima kuliko mimi. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyebisha hodi alinipunguzia umri. Mama akiangalia upande wa kabati, mimi naanzisha kichekesho. Nilimwigiza mwalimu mkuu akifukuza nzi, nilimwigiza Bukuru, kibarua wetu kutoka Burundi aliyekuwa akipalilia migomba, jinsi alivyotembea na jembe begani kama amebeba jeneza la mtu anayemdai. Mama anacheka, anasahau kabati. Nimegundua baadaye kwamba vichekesho vyangu vingi vilizaliwa hivyo, vya kumzuia mtu asitazame juu.

Mwezi wa senene ulipofika nilikuwa nimemaliza mtihani, nasubiri matokeo, na shemeji tumbo lilikuwa limefika mbele yake kama mtungi. Jumamosi moja mama alikwenda Kituntu kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Kabla ya kuondoka alinisimamisha mlangoni akaniambia nisitoke nyumbani, mukamwana akiniita niitike, na akisema hajisikii vizuri nikimbie kwa Mama Koku, mkunga wetu, pale ng'ambo ya shamba la kahawa, dakika kumi kwa miguu yangu. Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo huku namwangalia panzi.

Ilikuwa kama saa nne. Nilikuwa uani nang'oa mabawa ya senene. Nikasikia shemeji ananiita kutoka ndani, sauti yake si kali, imebanwa tu, kama ya mtu mwenye hasira anayejizuia. Nikafika sebuleni. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, mwingine chini ya tumbo, hatua tatu kutoka kwenye lile kabati.

"Shemeji," akaniambia, "chupa imepasuka. Kamwite mama."

Sasa wewe msomaji pengine umeshaelewa, na kama umeelewa ujue unanizidi miaka mitano ya majuto. Mimi nilisikia chupa. Nilisikia imepasuka. Nikasikia mama, na mama mimi nilikuwa naye mmoja tu; Mama Koku hakunijia akilini. Nilikuwa nimeyangojea maneno hayo miezi mitatu, usiku na mchana, na hatimaye yalikuja kwa mpangilio uleule niliouogopa. Kwetu maji ya uzazi yakija, wakubwa husema tu maji yamekuja, tena kwa kunong'onezana. Hakuna aliyewahi kuyaita chupa mbele yangu. Kiswahili changu kilikuwa cha vitabu vya shule, na vitabu vya shule havizai. Sikutazama kabati. Aibu haitazami. Niligeuka nikakimbia, na shemeji akaniona nakimbia, akaamini.

Nilikimbilia kwa Kagaruki. Si upande wa Mama Koku. Upande wa pili, bondeni. Kwao walikuwa wanakaanga senene, wale wa kijani, kwa mafuta yao wenyewe na chumvi na kitunguu, na harufu ilikuwa imejaa mpaka kwenye banda la mbuzi. Nikakaa. Nikala. Mama yake akaniongezea na ndizi za maharage, nikala hizo pia, halafu senene tena. Nakumbuka kila kitu cha mlo ule, na ningelipa chochote nisikumbuke. Katikati ya kula nilikuwa natunga kesi yangu: paka. Paka alimkimbiza mjusi, mjusi akapanda kabati, paka akaruka. Nikamwigizia Kagaruki paka, nikamwigizia mjusi, nikamwigizia na tausi wa kwenye chupa anavyoshangaa, na Kagaruki alicheka hadi senene akampalia, tukampiga mgongoni. Jua likapita utosini. Tukaenda kuogelea. Jua likainama. Nikaona sasa hasira za shemeji zitakuwa zimepoa, nikarudi taratibu, napiga mluzi, paka wangu yuko tayari.

Uani hapakuwa na mtu. Senene wangu walikuwa wametapakaa, kuku wanawamalizia. Nikaingia sebuleni. Nyasi za sakafuni zilikuwa zimelowa na kuvurugwa kutoka mlango wa chumba mpaka mlango wa nje, kama mtu ameburuta gunia, na juu ya kabati, mahali pake, chini ya kitambaa chake cheupe, ilikuwa imesimama chupa ya chai. Haikuguswa. Hata mkunjo wa kitambaa ulikuwa uleule niliouacha mimi. Niliitazama nikaona haiingii akilini. Kama siyo hii, ni ipi? Nikaenda jikoni: ya mafuta ya taa nzima, ya samli nzima, ya asali nzima. Nikatoka nikaenda kwenye ua wa barabarani nikazipitia zote vijitini, moja moja, nikizigusa. Zote zilikuwa nzima. Nilikuwa bado nimeshika ya mwisho mkononi wakati mtoto wa jirani alipopita na kuniambia, bila kusimama, kwamba shemeji yangu amebebwa kwa machela, Bukuru amemkuta ameanguka kwenye migomba, wanampeleka barabara kuu kutafuta gari.

Bukuru alimkuta kama saa saba. Alikuwa ametambaa kutoka nyumbani mpaka kwenye mfereji, akiniita mimi, halafu akimwita mama, halafu akiita tu. Bukuru hakujua Kiswahili, lakini kilio cha namna ile hakina kabila. Alitupa jembe, akapiga yowe, akakusanya vijana, wakamfunga kwenye machela ya fito, na mbele alishika yeye mwenyewe mpaka walipopata pikapu ya mfanyabiashara wa kahawa iliyowafikisha hospitali ya misheni jua linazama. Mtu niliyemfanya kichekesho cha jioni.

Kesho yake nilifika hospitali kwa baiskeli ya kuazima. Mama alikuwa amefika kabla yangu, moja kwa moja kutoka Kituntu, bado amevaa gauni lake la kipaimara. Shemeji alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, midomo imekauka, na juu yake kwenye mti wa chuma ilining'inia chupa ya maji, mdomo chini, kama zile za kwenye ua wetu. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuja kwa kutanguliza mkono, na kwa kuja vile alihitaji kukutwa mapema; walipompasua mama yake yeye alikuwa ameshachoka kusubiri. Nililijua hilo kwa kusikia wauguzi wawili wakizungumza koridoni huku wanakunja mashuka, mmoja akimwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia mvua, kwamba huyu wa Nyabiyonza angeletwa jana asubuhi wangetoka wote wawili.

Kisha mmoja wao akaja na faili. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani, anaongea Kiswahili cha pwani. Akainama karibu na shemeji akamuuliza, chupa ilipasuka saa ngapi? Naapa nilifungua mdomo kumjibu. Nilikuwa nataka kumwambia kwamba hakuna chupa iliyopasuka, nimezikagua zote. Shemeji akasema saa nne. Muuguzi akaandika, na wakati anaandika mimi nikaanza kuelewa, polepole, kuanzia miguuni, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Niliwahi kuchapwa, niliwahi kufukuzwa darasani, niliwahi kuanguka kwenye choo cha shimo mguu mmoja. Sijawahi kuwa mdogo kama nilivyokuwa pale.

Zilihitajika chupa mbili za damu. Nikaenda dirishani kujitolea, nikiwa nimekunja mkono wa shati mpaka begani. Kijana wa maabara akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema nirudi nikishaota ndevu, na wale waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na kwa mara ya kwanza maishani niliona kicheko kwa upande wa ndani. Mama wakampima wakasema yeye mwenyewe damu haimtoshi. Bukuru akatoa chupa moja, akapewa soda, akainywa nusu akaniachia nusu. Ya pili haikupatikana. Yule muuguzi wa miwani, nadhani aliona ninavyosimama, akanipa kazi: kaa hapa, itazame hii chupa ya maji, ikikaribia kuisha niite. Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikaitazama. Tone. Tone. Sikwenda kukojoa. Sikula. Ni chupa pekee niliyowahi kuitunza.

Ilikuwa mchana, shemeji amefungua macho, ndipo mama alipovuta kiti karibu na kitanda. Alimshika mukamwana wake kidole kimoja, kidogo, kama anaogopa kumuumiza, akanigeukia mimi. Aliongea Kinyambo, pole pole.

"Muulize kwa nini hakukutuma."

Nikamwambia shemeji, mama anauliza kwa nini hukunituma. Shemeji alinitazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na mimi ningeiomba hiyo hasira kwa magoti.

"Mwambie nilikutuma," akasema. "Nilikwambia chupa imepasuka, ukakimbia. Nikajua umekwenda."

Mama akanisubiri. Tone likaanguka kutoka kwenye chupa, na jingine. Nilikuwa na lugha zote mbili mdomoni, hakuna mtu mwingine chumba kile kizima aliyekuwa nazo, na sikuwahi kuwa na uwezo mkubwa kama ule wala kukosa nguvu namna ile. Nikamwambia mama kwa Kinyambo kwamba anasema uchungu ulikuja ghafla, hakuwahi kumwita mtu.

Shemeji akageuza uso ukutani. Nilidhani ni maumivu.

Walipotoka hospitali watu walikuja kutupa pole, uani mkajaa watu kama siku ya sikukuu, na mama akaingia sebuleni akaishusha chupa ya chai. Nilikuwa nimesimama pale. Nikasema moyoni, haya, yamekwisha. Akaenda nayo jikoni na kitambaa chake. Alikaa huko kidogo. Kisha akarudi na chai kwenye birika lile la siku zote, akawamiminia wageni, na jioni chupa ikawa imerudi juu ya kabati na kitambaa kimenyooshwa. Nikajiona nina bahati kama mwizi aliyekuta mbwa bubu. Nikafikiri ameihurumia, hakutaka kuichosha kwa watu wengi. Baada ya hapo haikushuka tena, hata padre alipokuja, na mimi sikuuliza. Kaka Deo alirudi, akalia nyuma ya nyumba, na mwaka mpya ulipoingia akamchukua mkewe wakahamia Tabora. Mtoto mwingine hakuja.

Mambo mawili ya mama yalibadilika nami niliyaona bila kuyaona. La kwanza, hakunifanya mkalimani tena hata siku moja. Wiki zile za mwisho alizokaa na shemeji waliongea wenyewe, huyu na Kinyambo chake cha kisimani, yule na Kiswahili chake cha Baba Yetu, wanakwama, wanaoneshana kwa mikono, wanaendelea. La pili, kila aliponituma mahali, hata dukani kwa chumvi, alinishika bega akaniambia rudia nilichosema. Nikarudia. Tena. Nikarudia tena. Nilikuja kulifanya hilo kichekesho kikubwa shuleni, mama yangu na rudia nilichosema, mabweni mawili yalikufa kwa kicheko. Nilikuwa napanga kumwambia ukweli likizo hii. Nilikuwa napanga likizo iliyopita pia.

Jana tulikuwa tunagawa vitu vyake, mimi, kaka na shemeji. Kaka alipotoka kwenda kuwaita wazee, nikapanda kwenye kigoda nikaishusha chupa. Niliishika kwa mikono miwili nikingoja ule mlio wa vioo. Ulikuja mlio mwingine, mzito, wa kitu cha mviringo. Nikafungua. Ndani hapakuwa na kioo hata kimoja; mtu alikuwa amevitoa vyote, mpaka vile vilivyogoma, na badala yake kulijaa maharage ya mbegu, mekundu, yamechaguliwa, hayana hata moja lenye tundu. Kila msimu wa kupanda mama alikuwa akitokea sebuleni na mbegu kwenye ncha ya kanga yake, na sisi tunapanda, na mimi sijawahi kujiuliza zinatoka wapi.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, anakunja gauni lile la kipaimara. Nikamwambia, kwa Kinyambo, sijui kwa nini nilichagua Kinyambo, kwamba siku ile hospitali nilitafsiri vibaya. Akasema anajua. Alikuwa ameshajifunza ya kutosha kuelewa, na ndiyo maana aligeukia ukutani. Nikamuuliza kama mama alijua.

"Alikuja kwangu siku ile ya wageni, ameificha hiyo ndani ya kanga," akasema. "Neno chupa alikuwa amelisikia nikilitaja hospitali. Akaniuliza kwa Kiswahili chake, mukamwana, ni chupa ipi iliyopasuka? Nikamwambia, zote mbili, mama."

Nikangoja aendelee. Alimaliza kukunja mkono mmoja wa gauni, akaanza wa pili, ikabidi nimuulize mama alijibu nini.

"Aliinuka akaenda kuchagua maharage."